Neno Lililompeleka Cucu Mwiki

Tulimzika mama mkwe wangu mwezi uliopita, na wasifu wake ukasomwa na binti yangu Njeri, kwa sauti isiyotetemeka. Ulieleza alikozaliwa, akaolewa na nani, akazaa wangapi, na kwamba baada ya kufiwa na mumewe aliishi kwa mwanawe mjini Thika, kisha akahamia nasi Ruiru tulipojenga, akakaa nasi kwa amani hadi Mungu alipomwita. Nilikuwa mstari wa mbele, kitambaa mkononi, na niliposikia hayo maneno "kwa amani" nikamtupia mume wangu jicho. Naye alikuwa ananitazama. Tukainamisha vichwa, na watu wakadhani ni majonzi. Yalikuwa majonzi kweli, lakini pia tulikuwa tumeikumbuka miezi ile ambayo Cucu, yaani bibi ya wanangu, hakukaa nasi, bali alikaa Mwiki kwa binti yake, na sababu iliyompeleka huko. Sababu yenyewe ilikuwa mkojo wangu, na hakuna kasisi anayetaka neno hilo kwenye maikrofoni. Mimi nimefika umri ambao mtu husema anachotaka, kwa hivyo nitaisimulia mwenyewe.

Ulikuwa mwaka wa kumzaa huyo huyo Njeri. Tulipanga vyumba viwili kwenye ploti ya ghorofa karibu na Kiandutu, pale Thika, orofa ya pili, na maji yalikuwa chini kwenye mfereji wa langoni. Chumba cha mbele kilikuwa na makochi yenye vitambaa vya kushonwa kwa mkono, meza, meko, na kitanda cha Cucu nyuma ya pazia la maua. Chumba cha nyuma kilikuwa chetu sisi na watoto. Kati ya vyumba palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba uliopitisha kila kitu: kikohozi, redio, maombi na mambo ya watu wazima. Nilikuwa mwalimu wa chekechea katika shule ndogo ya pale mtaani, na mume wangu Mwangi alikuwa akifanya kazi ya zamu kiwandani. Mama yake, ambaye sote tulimwita Cucu kama watoto walivyomwita, ndiye aliyeishika nyumba. Alipandisha maji, alimbeba mtoto mgongoni, alichambua maharagwe, na alinipikia maharagwe meusi ya njahi na uji wa wimbi kama mzazi anavyopikiwa, hata baada ya watu wengine kusahau kwamba nilikuwa mzazi. Mtoto alipewa jina lake, kwa kuwa kwetu binti wa kwanza huitwa jina la mama ya baba, na tangu siku hiyo Cucu akaanza kuniita "maitũ", yaani mama yangu, nusu utani na nusu kweli, kwa sababu nilikuwa nimemzaa. "Maitũ, umekula?" angeniuliza, na yeye ndiye aliyekuwa ameshika mwiko.

Kumzaa hakukuwa rahisi. Njeri alikuja mkubwa, akachukua muda wake, na wauguzi walipokezana zamu mimi nikiwa pale pale. Nilipona, au nilidhani nimepona, nikarudi shuleni. Asubuhi moja tulikuwa uwanjani tukiimba wimbo wa chura, ule ambao mwalimu anaruka na watoto wanaruka, na niliporuka nikahisi kitu cha moto kikitoka. Nikajiambia ni jasho. Niliporuka tena nikajua si jasho. Kuanzia hapo ikawa hivyo: nikikohoa, kidogo, nikicheka, kidogo, nikiinua kitu kizito, si kidogo. Jambo lililonichanganya ni kwamba sikuwa na haraka yoyote ya kwenda choo. Kibofu hakikuniuma, hakikunisukuma, kilikaa kimya kama mtu asiye na neno, kisha nikipiga chafya tu kinanisaliti. Nikaanza kuvaa sketi nyeusi na kufunga sweta kiunoni hata jua likiwa kali. Nilikata vitambaa vya mtoto vilivyochakaa nikavikunja vikawa vya kwangu. Watoto wakiimba chura, mimi nikawa mwalimu wa kupiga makofi.

Kisha nikaacha kunywa. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: kisichoingia hakitatoka. Nilikataa chai ya saa nne, nilikataa maji, na jioni Cucu aliponiletea kikombe cha uji nilikipokea, nikakizungusha mkononi, nikakirudisha mezani kikiwa na ngozi juu. Kichwa kilikuwa kinaniuma kila siku na mkojo wenyewe ukawa na rangi ya chai ya rangi na kuchoma, lakini sikuacha. Cucu aliutazama uji ule. Mara ya kwanza na ya pili aliufunika tu kwa sahani. Mara ya tatu akaniuliza, "Uji imekataa?" Nikamwambia nimeshiba. Alikichukua kikombe akaenda kukinywa mwenyewe akiwa amesimama kando ya meko, amenipa mgongo. Kama ningekuwa na akili ya leo ningeona kwamba kwake uji uliokataliwa ni mkono uliokataliwa, lakini mtu aliyebana miguu siku nzima haoni mbali.

Aliyenipeleka kwa daktari ni mtoto wa darasa langu. Nilimwinua rafiki yake aliyekuwa ameanguka, na yule wa kando akaniambia kwa sauti ya kunihurumia, "Teacher, umemwagikiwa na maji." Jumamosi nikaenda kliniki moja mjini. Foleni ilikuwa ndefu, mlango haukufungika vizuri, na daktari alikuwa kijana mwenye adabu na haraka. Nilimweleza kwa sauti ya chini sana hata akanisogelea. Akaitikia kwa kichwa huku akiandika, akasema, "Hiyo ni stress incontinence, mama. Ni kawaida sana ukishazaa. Relax tu, usijisumbue sana." Neno la kwanza nililijua. La pili lilinipita kama gari. Na hilo la "relax" likanithibitishia la kwanza. Nani Thika asiyejua stress? Stress ni bosi, ni landilodi, ni mume anayechelewa, ni mama mkwe. Sikumuuliza swali lolote, kwa maana nilidhani nimeelewa, na mtu aliyeelewa hana la kuuliza.

Mwangi aliniuliza daktari amesemaje. Sikuweza kumtajia mkojo. Tulikuwa tumezaa watoto wawili pamoja, lakini neno hilo lilikataa kutoka, ingawa kitu chenyewe kilikuwa kinatoka bila kuombwa. Nikamwambia ni mambo ya kike, na kwamba daktari amesema ni stress. "Mambo ya kike" huwafunga wanaume masikio, lakini hili la stress lilimwingia. "Stress ya nini? Ni mimi?" akaniuliza. Nikamwambia hapana. Wiki hiyo alirudi nyumbani mapema, akaosha vyombo, akaacha kuvua viatu vyake vya kazini katikati ya njia. Mtu anayetafuta kosa ndani yake bila kulipata huanza kutafuta kwingine, na nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili tu.

Jumapili alasiri, nikiwa nimelala na mtoto chumba cha nyuma, niliwasikia. Walizungumza Kikuyu, polepole, wakidhani nimesinzia. Mwangi alimwambia mama yake kwamba daktari amesema Mama Kamau ana stress. Kamau ndiye mwanangu wa kwanza.

"Stress ni ugonjwa gani?" Cucu akauliza.

"Ni ya akili. Mtu akiwekewa mambo mengi kichwani."

Nilisikia kijiko kikizunguka ndani ya kikombe, kikazunguka kwa muda mrefu kuliko sukari inavyohitaji. "Ndio maana hanywi uji yangu," akasema. "Na mimi nilifikiri nimezidisha sukari."

"Mama, sijasema ni wewe."

"Hujasema. Lakini nyumba ni ndogo na wanawake ni wawili. Dada yako Wangari ananiita Mwiki tangu Krismasi. Wacha niende nikae huko."

Mwangi hakumwambia aende, na hakumwambia asiende. Nami nilibaki nimelala. Ningesema nini? Nililisadiki neno la daktari kama wao. Nilikuwa nimeshaanza kumkagua yule mama moyoni mwangu, nikijiuliza kama ni pazia lake, au kukohoa kwake alfajiri, au jinsi alivyopanga upya sufuria zangu. Sikuona kosa lolote, lakini neno kama lile likishaingia nyumbani halikosi pa kukaa. Siku aliyoondoka alimfunga Njeri vizuri mgongoni mwangu, akakaza fundo, akaniambia, "Kaa salama, Mama Kamau." Hakuniita maitũ. Nilisikitika sana, na nilikuwa na haya kusikitika kwa kitu kidogo hivyo, lakini hakikuwa kidogo.

Nyumba ikawa kimya, na nikangoja kupona. Badala yake mambo yakaharibika. Sasa mitungi ya maji ilikuwa yangu, ngazi ilikuwa yangu, mtoto mgongoni alikuwa wangu, na Kamau, aliyezoea kubebwa na Cucu, naye akataka kubebwa. Kila mtungi niliouinua langoni ulinitoza kitu. Kufika orofa ya pili nilikuwa nimelowa upande wangu na upande wa maji. Stress ilikuwa imeondoka na begi lake, na mkojo ulikuwa umeongezeka. Kina mama wa kanisani, ambao pia niliwaambia nina stress, walinishauri nisamehe kila aliyenikosea. Nilisamehe watu wengi mwaka ule, wengine hawakujua hata kwamba walikuwa wamenikosea. Nilimsamehe landilodi. Nilimsamehe mwalimu mkuu. Bado nikipiga chafya, ni vile vile.

Nilipata msaada siku ya kumpeleka Njeri chanjo ya surua katika hospitali ya serikali. Tulikuwa kina mama wengi kwenye mabenchi, kila mmoja na mtoto wake, na nesi mnene mwenye miwani akatupa mafunzo ya uji wa mtoto na dawa za minyoo. Kabla hajamaliza akauliza, kama anayeuliza nani amekuja na mwavuli, "Na nani hapa akikohoa anaona kitu kimetoka?" Kimya. Wengine wakaanza kupanga vizuri shuka za watoto ambazo zilikuwa zimepangika. Nesi akatutazama mstari kwa mstari. "Sawa," akasema, "nimewasikia wote. Mwenye anataka kusaidika abaki." Watoto walipochomwa sindano nilijifanya ninatafuta kofia ya Njeri hadi benchi likawa wazi. Niliposimama niligundua kwamba wanawake wengine wawili nao walikuwa wanatafuta kofia.

Alitupeleka kwa fizio, mtaalamu wa mazoezi ya misuli, mwisho wa korido. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, ndani ya chumba chenye kitanda chembamba na picha ya mwili wa mtu ukutani, na alikuwa anajiandaa kunywa chai. Ilipofika zamu yangu nilimwambia moja kwa moja kwamba tatizo langu ninalijua, daktari aliniambia ni stress, na stress nimeshaiondoa nyumbani lakini wapi.

"Umeiondoa aje?" akauliza.

Nikamwambia, "Tulikuwa tunaishi na mama mkwe. Amehama."

Fizio aliinuka. Kisha akachukua pakiti ya maziwa iliyokuwa kando ya kikombe chake, iliyokatwa pembe na kubanwa kwa kibanio cha nguo, akaishika juu ya sinki. Akaondoa kibanio na kuiminya tumbo, na maziwa yakaruka. Akarudisha kibanio, akaiminya tena, hayakutoka. "Hii mkono yangu ndio stress," akasema. "Sio ya kichwa. Ni kuminywa. Ukikohoa unaminya kibofu, ukicheka unaminya, ukiinua mtungi unaminya sana. Hapa chini uko na misuli inafanya kazi ya kibanio, na ulipozaa ililegea. Daktari hakukudanganya. Ni Kizungu ndiyo ilikuwa na maana mbili." Halafu akauliza, akifuta maziwa kwenye sinki, "Na huyo mama mkwe ndiye alikuwa anakubebea maji?"

Nilijibu kwamba ndiye.

Alinifundisha palepale. Kaza kama mtu anayezuia upepo kanisani, na mkojo kwa wakati mmoja; vuta ndani na juu; shikilia kidogo, legeza kabisa, rudia. Usikaze makalio, usikaze mapaja, usizuie pumzi, na usifanye mchezo wa kukatiza mkojo katikati kila ukienda choo. Kunywa maji yako kama mtu, kwa sababu mkojo mzito unakichokoza kibofu. Usijikamue chooni kwa kukosa mboga na matunda. Na kabla ya kukohoa au kuinua chochote, kaza kwanza, ndipo uinue huku ukitoa pumzi. Akaniambia nisitarajie muujiza wa wiki moja, kwamba misuli hujengwa kwa miezi, na kama itakataa kabisa kuna matibabu mengine, hata upasuaji. Siku hizi binti yangu, anayeishi Kahawa Sukari na mtoto wake mchanga, anakumbushwa mazoezi hayo na simu. Mimi nilikumbushwa na kengele ya shule: ikilia, nakaza. Muhula mmoja na ushee ulipita kabla sijaruka tena kama chura. Sijapona kama mtu ambaye hakuwahi kuugua. Nikiwa na homa ya mafua mpaka leo nakaa chonjo. Lakini maisha yangu yalinirudia.

Jioni ya siku ya fizio nilimwambia Mwangi yote, nikilitamka neno lenyewe. Aliweka chini sahani ya mukimo. Akatazama pazia la maua ambalo hakuna aliyekuwa amelitoa, akasema, "Kwa hivyo mama yangu aliondoka kwa sababu ya Kizungu." Nikamwambia ni hivyo. "Nenda wewe," akasema. "Mimi nikienda atafikiria nimetumwa na huruma."

Nilienda Mwiki Jumamosi. Wangari alikuwa dukani kwake, na Cucu alikuwa peke yake sebuleni, kwenye kochi lisilokuwa lake, akitoa minji kwenye maganda. Alikuwa amekonda. Alinisalimia vizuri mno, kama mtu anavyomsalimia mgeni, akampokea Njeri, akanitilia chai. Nilikunywa kikombe chote mbele yake, nikaomba kingine. Aliona. Kisha nikamwambia, kwa Kikuyu, bila kuzunguka: kwamba sikuwa na mawazo, kwamba hakuwahi kunikosea, kwamba uji niliukataa kwa sababu nilikuwa ninajikojolea na niliogopa kunywa chochote, na kwamba neno la daktari halikuhusu kichwa bali uzito. Nilimweleza pakiti ya maziwa. Nikamwambia kwamba siku aliyoondoka uzito wote ulinirudia mimi.

Aliendelea kutoa minji. "Na ilianza lini?"

"Nilipojifungua."

"Ulipojifungua nani?"

"Njeri."

Akainua macho. "Basi si ni mimi," akasema. "Si ni wewe ulinizaa."

Nilicheka, na sikuwa nimetarajia kucheka katika nyumba ile siku ile. Naye akacheka, kicheko chake cha zamani cha kutikisa mabega, mpaka bakuli la minji likateleza, na hapo nikaona anachokifanya. Alikuwa amebana magoti kwa nguvu, kiganja kimoja kimekandamiza leso mapajani, vilevile kama mimi nilivyofanya miezi yote ile. Alijua nimeona. Alikiondoa kiganja taratibu akaanza kuokota minji iliyoanguka, moja moja.

"Tangu lini, Cucu?" nikamuuliza.

"Tangu huyo bwana yako," akasema. "Sisi tuliambiwa ndio kuzaa."

Mwangi alikuwa na miaka thelathini na kitu. Miaka yote hiyo aliyonipandishia maji, alikuwa amelowa kama mimi. Nikashuka sakafuni kuokota minji pamoja naye, na machozi yakanitoka bila mimi kukohoa. Aliniacha nilie. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, ingawa hapakuwa na mtu ila mtoto, "Na huyo fizio, hata mtu mzee anaweza kufunzwa?"

Nikamwambia anaweza. Nikamwambia nitamfunza mimi, hata sasa hivi, ni jambo la kukaa tu na kukaza. Nikaanza kumwonyesha.

Akaniwekea mkono begani kunizuia. "Sio hapa," akasema. "Hiyo ni mambo ya mtu kufanyia kwake." Akaniegemea, akainuka, akaenda chumbani kutafuta nguo zake.